Batri hazifi, tunaziua: mafundi wa Fizi, acheni kuunga dinamo bila regilateri

LUBONDJA, teritware ya Fizi. Leo sileti habari za mapigano wala za bei ya unga. Naleta neno juu ya kitu kidogo, kinaenea katika kiganja cha mkono. Wengi wetu hatujawahi kukiona. Lakini kikikosekana, redio inanyamaza, simu zinazima, na ndugu zetu walio ziwani usiku wanabaki gizani. Kitu hicho ni regilateri, ile inayolinda batri isipate moto kupita kiasi.

Najua kuna watakaosema mwandishi ameishiwa habari. Nisikilizeni kwanza.

Majuma machache yaliyopita redio moja tunayoitegemea ilinyamaza siku nne. Haikuwa mvua, haikuwa amri ya mkubwa yeyote. Tuliambiwa tu, "Batri zimekufa." Katika siku hizo nne, tangazo la kuandikisha majina ya jamaa zilizokimbia lilikuwa juu ya meza ya mtangazaji, halikusomwa. Mama mmoja aliyeshuka kutoka milimani na watoto wake alikuja kuniuliza kwangu kama kuna habari. Habari ilikuwepo. Ilikuwa imepita jana yake. Jina lake halikuandikwa, na mpaka awamu nyingine ifike, yeye na watoto watakula kile ambacho majirani watawapa.

Nilikwenda kuziangalia hizo batri pamoja na fundi ninayemwamini. Zilikuwa tatu, hazijafikisha hata mwaka. Mbavu zimevimba, maji yamekauka, vifuniko vina unga mweupe. Siku zisizo na jua zilikuwa zinachajiwa na dinamo kuukuu ya gari inayozungushwa na moteri ndogo ya petroli. Nyuma ya dinamo, mahali pa regilateri, palikuwa wazi. Mtu alikuwa ameitoa, akavuta waya kutoka batri, akausokota moja kwa moja kwenye sharboni. Nilipouliza, jibu lilikuja bila aibu: "Tuliunga direkti. Inatoa moto mwingi zaidi."

Basi niseme wazi. Batri hizo hazikufa. Ziliuliwa. Na aliyeziua alilipwa kwa kazi hiyo.

Namna inavyouawa

Hapa Lubondja hatuna umeme wa SNEL. Tuna jua, tuna moteri, tuna batri. Kwa hiyo kila mtu anapaswa kujua kidogo namna batri inavyokula na inavyoshiba.

Ndani ya dinamo ya gari (vitabu vinaiita alternateri, sisi tumezoea kusema dinamo) kuna sumaku inayozunguka. Sumaku hiyo haina nguvu yake yenyewe. Inazipata kwa moto kidogo unaoingia kupitia sharboni mbili. Ukiongeza moto huo mdogo, dinamo inatoa mwingi. Ukiupunguza, inatoa kidogo. Kazi ya regilateri ni hiyo tu: inapima volti, kisha inafungua na kufunga ule moto mdogo, mara nyingi katika kila sekunde, ili batri ya volti 12 ichajiwe kati ya 13.8 na 14.4, isizidi hapo.

Ukiitoa na kuunga direkti, sumaku inakuwa na nguvu zote saa zote. Moteri ikienda polepole huoni shida yoyote. Ukiongeza mwendo, volti zinapanda: 15, 16, na zaidi. Hapo maji ya batri yanaanza kutoa mapovu. Fundi anasema, "Ona, inachemka, inaingia vizuri!" Hapana, ndugu yangu. Umeme unayapasua yale maji kuwa gesi. Moja ya gesi hizo ni hidrojeni, na cheche moja tu inatosha kuilipua. Maji yakiisha, asidi inabaki kali, na vibao vya ndani, ambavyo ni vya madini ya risasi (si ile risasi tunayoijua zaidi huku), vinaoza na kubomoka. Batri iliyotengenezwa kuishi miaka inaishi miezi.

Kwa pikipiki mambo ni tofauti kidogo. Sumaku yake ni ya kudumu, haiwezi kupunguzwa nguvu. Regilateri yake inageuza moto uwe wa kuingia batri, na ule wa ziada inautupa kwenye masi. Ndiyo maana ina mapezi ya chuma na inapata joto. Motari anayeifunga ndani ya kitambaa ili isilowe anaipika. Ikiungua, anaikata na kuendelea bila hiyo. Baada ya hapo anashangaa kila juma kwa nini ampuli zinaungua, na usiku anatushusha milima kwa mwanga wa simu aliyoishika mdomoni.

Visingizio vinne

Nimezungumza na mafundi wa hapa na wa Baraka. Wananipa visingizio vinne, na kila kimoja kina jibu.

Cha kwanza: "Regilateri inakula moto." Si kweli. Inachotumia yenyewe ni kidogo sana. Kile inachokizuia ni moto ambao batri haiwezi kuuweka. Mama akienda mtoni na mtungi, ukijaa anauondoa. Akiendelea kumimina, mtungi haujai zaidi, analowesha miguu tu. Ninyi mnalowesha miguu kwa asidi, na petroli mnayoichoma kwa kufanya hivyo inalipwa na mteja.

Cha pili: "Piesi hazipatikani." Hapa kuna ukweli, na sitaukana. Tangu Bukavu itekwe mwezi wa Februari 2025, vitu tulivyokuwa tunaviagiza kule vimekuwa taabu kuvipata, na vingi sasa tunavingojea kutoka Kigoma, Bujumbura au Kalemie kwa njia ya ziwa. Lakini niambieni: batri nzito yenye asidi na regilateri nyepesi ya mfukoni, ni kipi rahisi kupakia kwenye boti? Ni kipi cha bei ndogo? Anayesema hana pesa ya regilateri ndiye huyohuyo atakayenunua batri mpya. Tena, karibu kila garage ina dinamo mbovu zilizotupwa kwenye kona. Nyingi ziliharibika beringi au sharboni, si regilateri. Fundi mwenye subira anaweza kuitoa iliyo nzima na kuitumia. Ila awe mwangalifu: kuna zinazokata moto upande wa pozitifu wa sumaku na kuna zinazokata upande wa negatifu. Ukizichanganya, utaunguza ile uliyoihangaikia.

Cha tatu: "Tumefanya hivi miaka yote." Ndiyo, na miaka yote tumenunua batri. Batri ya namna hii ilitengenezwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859. Magari ya Marekani yalianza kuacha dinamo ya kizamani na kuchukua alternateri mwaka 1960. Kwa hiyo hii si sayansi mpya inayongoja kufika Fizi. Imefika zamani, imo ndani ya kila gari linalopita hapa. Sisi ndio tunaoifungua na kuitupa.

Cha nne: "Tuna sola, dinamo ya nini?" Sola ni nzuri. Lakini mnajua miezi ya mvua huku, jua linaweza kujificha siku tatu mfululizo, na ndiyo sababu watu wanarudi kwenye moteri. Hapo wanafanya kosa jingine: wanachukua moto wa dinamo na kuuingiza kwenye regilateri ya sola, pale panapoandikwa paneli. Kifaa hicho kilitengenezwa kwa ajili ya paneli, hakiiongozi sumaku ya dinamo. Utapoteza vyote viwili kwa siku moja.

Namna ya kuunga vizuri

Sipendi kulaumu tu bila kuonyesha njia. Haya si siri, na fundi yeyote anaweza kuyafanya kwa vifaa vilivyopo.

Waya mnene wa dinamo, ule wa B+, uende kwenye pozitifu ya batri. Mnene, nasema. Nimeona dinamo ya gari ikichaji kwa waya wa spika wenye urefu wa hatua kumi. Moto unapotea njiani, waya unapata joto, na batri inayopaswa kupata volti 14 inapata 13. Batri isiyoshiba kila siku inakufa pia, polepole tu kuliko ile inayochemshwa.

Fuzi iwekwe karibu kabisa na batri, si mwisho wa waya. Ukubwa wake ufuate unene wa waya, maana fuzi inalinda waya. Na fuzi ikikatika, tafuta sababu. Karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara si fuzi. Nyumba za nyasi na mahema ya turubai hayana subira na moto wa namna hiyo.

Ampuli ndogo ya batri kwenye dashibodi isidharauliwe. Katika dinamo nyingi, moto wa kwanza wa kuamsha sumaku unapitia ampuli hiyo. Ikiungua, dinamo nzima inaweza kukataa kuanza kuchaji, na fundi asiyejua atasema dinamo imekufa. Ukiwasha kontakti iwake, moteri ikizunguka izime. Kwa ile moteri ya redio au ya kibanda cha chaji, weka ampuli ya namna hiyo na kontakti yake.

Kama regilateri ina waya mwembamba wa kupimia, upeleke mpaka kwenye batri yenyewe. Ule waya ni jicho lake. Ukiukata, baadhi ya regilateri zitadhani batri iko tupu na zitasukuma bila kuacha.

Mwisho, usiondoe kamwe kichwa cha batri moteri ikizunguka ili "kujaribu dinamo." Najua wengi mlifundishwa hivyo. Ukiondoa batri, volti zinaruka juu kwa ghafla na kuua diodi za dinamo na regilateri pamoja, na redio au simu iliyounganishwa hapo nayo inakwenda. Nunua multimita, hata ile ya bei ndogo kabisa. Moteri ikiwa imezimwa kwa saa kadhaa, batri nzima ya volti 12 iliyoshiba inaonyesha karibu 12.6. Moteri ikizunguka kwa mwendo wa kati, ionyeshe kati ya 13.8 na 14.4. Ikipita 15, zima mara moja. Kwa gari la volti 24, zidisha mara mbili. Kipimo hicho hakichukui hata dakika mbili.

Fuso na boti

Madereva wa Fuso, nanyi mna lenu. Gari lenu ni la volti 24, batri mbili zimefuatana. Mnataka redio au chaji ya simu ya volti 12, mnaichukua kwenye batri moja. Inafanya kazi, ndiyo. Lakini dinamo inaziona batri mbili kama kitu kimoja. Ile mnayoinyonya haishibi, na mwenzake anapewa kupita kiasi. Ya kwanza inakufa kwa njaa, ya pili kwa kuvimbiwa, na gari linalala katikati ya njia mahali ambapo hakuna mtu anayetaka kulala. Abiria wenu wengi ni akina mama wenye mizigo ya soko na jamaa zinazohama. Chombo cha kushusha volti 24 kuwa 12 kipo, na ni kidogo.

Wenye boti wa Baraka, wanaokwenda Kazimia, Ubwari, Kalemie na ng'ambo Kigoma, kwenu jambo hili ni la roho za watu. Taa ya usiku na pampu ya kutoa maji vyote vinaishi kwa batri. Na kuna kosa moja linalofanywa na fundi aliyezoea magari: kwenye gari, mwili wote ni chuma, unaunga negatifu popote na moto unarudi. Boti ni mbao. Mbao hairudishi moto. Kila taa na kila pampu inahitaji waya wake wa kurudi, na kutoka kwenye moteri mpaka negatifu ya batri panahitaji waya mnene. Nimepanda boti ambayo masi ilikuwa imeungwa kwa waya mmoja uliosokotwa kwenye msumari wenye kutu. Taa ilikuwa inawaka na kuzima kwa kufuata mawimbi. Tulifika kwa neema ya Mungu, si kwa kazi ya fundi.

Na ninyi wenye moteri za nyuma za kuvuta kwa kamba: nyingi, kama zinatoa moto wowote, zinatoa moto wa taa tu, ule unaogeuka-geuka. Hauingii batri mpaka ugeuzwe na kuongozwa. Ukiuunga hivyohivyo, batri haitajaa hata ukivuka ziwa lote.

Nani abebe lawama

Siwachukii mafundi. Wengi walijifunza chini ya mwembe, bila kitabu, bila kifaa cha kupimia, katikati ya vita. Ni wao wanaofufua magari ambayo kwingine yangeuzwa kwa kilo. Lakini ujuzi wa kufufua gari haumpi mtu ruhusa ya kuua batri ya watu. Fundi anayeunga direkti na kumwambia mteja kwamba ni vizuri, anajua au hajui. Kama hajui, aulize. Kama anajua, huo ni wizi wa polepole, maana mteja atarudi kwake kununua batri nyingine.

Wenye vibanda vya chaji nao wasijifiche. Batri ikifa, mnapandisha bei ya kuchaji simu. Anayelipa ni yule ambaye simu yake ndiyo anwani yake pekee: mkimbizi wa ndani anayengojea kupigiwa na shirika, kutumiwa kidogo kwa M-Pesa au Airtel Money, au kusikia mtoto aliyepotezana naye njiani ameonekana wapi. Simu hiyo ikizima, huyo mtu amefutwa.

Na mashirika yanayotusaidia, tunawashukuru, lakini tusemezane kama watu wazima. Mnaleta batri, mnapiga picha, mnaondoka. Katika orodha ya vifaa nimeona batri, redio na spika. Sijaona waya mnene, fuzi, multimita, wala siku mbili za kumfundisha fundi wa hapa. MONUSCO ilimaliza kuondoka Kivu ya Kusini mwezi wa Juni 2024. Tangu hapo masikio yetu yameegemea zaidi redio ndogo za hapa. Mkitoa batri bila kinga yake, mmetoa kitu cha miezi michache. Tena, katika jamaa zilizokimbia wamo mafundi wazuri wa magari na wa redio ambao leo wanabeba mizigo sokoni. Walipeni hao waje kufunga na kufundisha.

Kwa kamati za redio zetu naomba jambo moja: daftari. Kila asubuhi mtu mmoja aandike volti za batri moteri ikiwa imezimwa, na volti moteri ikizunguka. Mstari mmoja tu. Siku namba itakapopanda au kushuka, mtaiona kabla ya kimya, si baada yake. Tunasema haraka haraka haina baraka, na sisi tunaoishi jirani na mji wenye jina hilo tungepaswa kuwa wa kwanza kulishika.

Na wewe msikilizaji usiye na multimita wala dinamo, una kazi pia. Ukifika kwenye kibanda cha chaji, angalia. Taa ikizidi kung'aa kila moteri inapoongezwa mwendo, volti hazina wa kuziongoza. Ukisikia harufu ya yai lililooza, au ukaona batri imevimba na mbavu zake zina joto, sogeza mtoto, usiwashe kiberiti, na mwambie mwenye kibanda azime moteri. Muulize swali moja: "Regilateri iko wapi?" Akikuonyesha, mlipe kwa furaha. Akicheka, peleka simu yako kwa mwingine.

Yule mama bado yuko hapa. Batri mpya zimenunuliwa kwa mchango, na safari hii fundi amerudisha regilateri mahali pake. Juzi nilipima mimi mwenyewe: 14.2, moteri ikizunguka. Tangazo la kuandikisha litakapokuja tena, nataka liwakute redio inasema.

Ni mimi mwandishi wenu wa hapa Lubondja.